Zima Kiyoyozi

Ukitaka kuisikia dunia hapa Maabila
mwezi wa sita,
kwanza uzime kiyoyozi.

Hilo hakuniambia yule kijana wa mamlaka
aliyenigongea muhuri kwenye leseni.
Nimelijua kwa jasho:
mashine inayotupoza hukoroma juu ya masafa yote,
na mnyonge wa mbali, mwenye wati mia na waya,
hupita chini yake kama sindano chini ya zulia.

Waya wangu nao si wa kujivunia.
Mita kumi za shaba, nusu huku nusu huku,
kutoka tangi la maji hadi nondo ya ukutani.
Njiwa wameufanya baraza.
Jirani yangu Harith aliuliza kama ni wa kuanikia nguo.
Nikamwambia, naanika masikio.

Stoo ya juu ya paa ndiyo kituo:
redio niliyouziwa na injinia wa Kerala
alipokuwa akifunga mizigo,
meza ya cherehani isiyo na cherehani,
kadi ukutani, zimejikunja kwa joto,
Kazani, Kordoba,
na kisiwa nisichojua hadi leo kinavyotamkwa.
Miaka thelathini nilikuwa fundi wa simu,
nikiwaunganisha watu waliokwisha kujuana.
Sasa naunganishwa na nisiowajua,
na bili haiji.

Jana, baada ya sala ya alfajiri,
giza na mwanga vikigombea paa,
saa ambayo wimbi hudunda mbali
kama mpira wa watoto kwenye lami,
nikazima kiyoyozi cha stoo. Kelele palepale.
Nikazima cha ukumbini. Palepale.
Kilibaki cha chumbani,
na chini yake amelala Shinuna.

Nilishuka ngazi kama mwizi.
Tak.

Loo, kimya kile!
Na ndani yake mtu ananiita
kwa herufi zangu, moja moja, hana haraka.
Nikamjibu. Nikampa jina langu,
nikaongeza, sijui kwa nini, kuwa nimezaliwa Wete.
Akanyamaza.
Kisha: "Habari za kuamka?"

Okuyama, wa Sapporo.
Aliwahi kukaa Ifakara miaka mitatu
akipima mifereji ya mpunga,
na Kiswahili chake kimenyooka kama mifereji hiyo,
hakimezi silabi hata moja.
Wajukuu zangu wangemcheka,
wao ambao bibi yao akiomba kawa
humletea kahawa.

Kwake saa nne, amevaa sweta.
Kwangu saa kumi na moja, fulana imenigandia.
Tukaulizana mvua, magoti, bei ya mchele.

Mlango ukafunguka.
Shinuna, kanga imeloa shingoni:
"Umetaka kuniua?"
Halafu akasikia.
Akakaa juu ya ndoo ya rangi.
"Mpemba gani huyo?"
"Mjapani."
"Muongo wewe."

Nikamuuliza mwenzangu umri. Themanini na moja.
Mimi sitini na nane, na adabu ni adabu,
lakini sauti ilikwisha kuanza kuzama,
jua limepanda, anga linajifunga.
Nikaharakisha: "Sabini na tatu, bwana,"
maana ndivyo tunavyoagana sisi watu wa mawimbi.
"Sabini na tatu nini?" akanong'ona Shinuna. "Riyali?"
"Shikamoo," nikasema, nikaachia kitufe.

Mchakato wa mchanga kwenye kikaango.
Nikazungusha kisahani kidogo kushoto, kidogo kulia.
Mchanga.
Nikavua vipokea sauti, nikajifuta uso.

"Ameitikia," akasema.
"Mimi sikusikia."
"Marahaba. Mara mbili.
Wewe masikio bado umeyaanika."

Akashuka kuwasha kiyoyozi.